Sauti ya Mama kwa Kipimo cha Simu

Watu huniletea sauti kama wanavyompelekea fundi cherehani suruali ya marehemu baba yao: hii ni kubwa, ipunguze. Wanatoka zahanati, shule, makanisa na maduka ya pembejeo. Wamerekodi kwa simu ya mkononi maneno ya kumkaribisha mteja, au wimbo wa kwaya wa kumchezea anayesubiri, na sasa mtambo wao wa simu unaikataa faili. Mimi naipunguza. Duka langu ni chumba kimoja hapa Sultan Hamud, kati ya mwuza mbegu na kinyozi, na kibao cha nje kinasema tunapiga chapa na kutoa nakala, kwa sababu ningeandika kazi yangu hasa nani angeingia?

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Wimbo mzuri kwenye kompyuta umekatwa vipande zaidi ya elfu arobaini kwa kila sekunde, kushoto na kulia. Mtambo wa simu unataka vipande elfu nane tu, na mkondo mmoja. Basi naifungua faili, naicheza mara moja niisikilize, nakata kikohozi cha mwanzoni na lile swali la mwishoni, "Imeshika? Imeshika kweli?", halafu naigeuza na kuihifadhi. Kinachopotea ni uzito wa chini wa sauti na ule wembamba wa juu kabisa. Yanabaki maneno. Kwa miaka mingi niliwaambia wateja kwa kiburi kwamba maneno yanatosha. "Anayekupigia anataka kujua mnafungua saa ngapi," nilikuwa nikisema, "hajaja kukuposa."

Siku hizi simwambii mtu hivyo.

Mama yangu yu hai. Naanza na hilo kwa sababu nikisema naitamani sauti ya mama yangu, watu huvua kofia na kunipa pole ya msiba. Hakuna msiba. Yuko Kasikeu, anakula muthokoi wake, anapalilia shamba lake, na ananikemea kwa kidole. Ila alipata saratani ya koo, na madaktari walipoitoa, kisanduku cha sauti kiliondoka nayo. Anapumulia tundu dogo shingoni, ambalo hulifunika kwa kitambaa cheupe anachokifua mwenyewe, maana hamwamini mtu mwingine na vitu vyeupe. Akitaka kusema jambo huliandika kwenye daftari. Akiwa na hasira hupiga meza kwanza, kisha huandika.

Kabla ya hapo alikuwa na sauti nzito, nzito kuliko ya wanawake wengi, iliyotoka chini kabisa kifuani. Mchungaji alimpa kazi ya kusoma matangazo ya Jumapili kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti, na umeme ulipopotea ibada iliendelea kama kawaida. Akikuita kutoka mlango wa jikoni, ulisikia ukiwa ng'ambo ya bonde, na jirani aliyekuwa karibu nawe aliacha jembe akakuambia, "Nenda, hiyo si ya kuchelewa."

Mimi ni binti yake wa pili, na kwa desturi yetu Wakamba nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo mama hajawahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Mimi nami namwita Mwaitu, maana ni mama yangu kweli, na wageni nyumbani kwetu huchukua muda kujua ni nani amezaa nani. Kulikuwa na Mwaitu fupi ya kuniita kula. Kulikuwa na Mwaitu ya kunituma, iliyopanda mwishoni. Na kulikuwa na Mwaitu ndefu, ya chini, ambayo ilimaanisha kwamba jambo limejulikana na fimbo inatafutwa. Sasa nimebaki na daftari, na kwenye daftari Mwaitu zote ni sawa.

Hiyo ndiyo shida yangu, na nitaieleza bila kuzunguka. Niliwahi kuwa na sauti ya mama yangu, nzima, kwenye kompyuta yangu, na niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilianza na ushirika wa wakulima wa ndengu na maembe, wenye wanachama pande zote mbili za mto Athi, Makueni na Kitui. Meneja wao alitaka namba moja ya simu ambayo mkulima akiipiga anasikia maelezo kwa Kikamba. Bonyeza moja ujue wakati wa kupanda, mbili jinsi ya kukausha ndengu, tatu nzi wa maembe, nne siku ya lori, tano uongee na mtu. Kwanza walimtumia msichana mmoja wa mjini mwenye sauti tamu. Baada ya wiki mbili meneja alinijia dukani amechoka.

"Madam, wazee wanakata simu," alisema. "Wanasema huyo msichana anataka kuwauzia kitu."

"Mnahitaji mtu mzima," nikamwambia. "Nina mama."

Tulirekodi Kasikeu, chumbani kwake, blanketi mbili zikiwa dirishani kwa sababu ya upepo kwenye mabati. Mama alikuja amevaa gauni la kanisani, ingawa nilimweleza kwamba hakuna picha. Akaketi, akakitazama kipaza sauti kama anavyomtazama mtoto wa watu aliyetumwa, akasema, "Uvoo waku?" yaani habari yako. Kisha akanyamaza.

Nilingoja. Nikadhani amesahau. Nikamwashiria aendelee, naye akanitazama tu. (Tuliongea Kikamba siku hiyo na siku zote, hapa nakigeuza kuwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.)

"Mwaitu, endelea," nikanong'ona.

"Sijajibiwa."

"Hakuna mtu wa kukujibu. Hii ni mashine."

"Si umesema mkulima atakuwa anasikia?" akauliza. "Basi mwache aitikie museo, ndipo nimweleze ya kupanda. Mtu hasalimiwi huku anasukumwa."

Ndivyo alivyofanya mpaka mwisho. Alisalimu akangoja. Akauliza habari za nyumbani akangoja. Akauliza kama mvua imeonekana huko, akangoja zaidi, kwa sababu jibu la mvua, alisema, huwa refu. Mimi nilikuwa nikitafuna midomo nikifikiria salio la mkulima linavyokwisha. Alipomaliza nilimwambia aje asikilize alivyotoka.

"Nisikilize ya nini? Nimeshasema," akajibu, akatoka kwenda kuona kuku.

Hata baadaye, namba ilipoanza kufanya kazi na watu sokoni wakaanza kumwita mama wa simu, hakuwahi kuipiga. Nilipomshawishi aliniuliza kama nimemwona ameanza kuwa mwendawazimu wa kujipigia mwenyewe.

Nilirudi dukani nikafanya nilichojua kufanya. Nilikata kimya chote. Kuna amri kwenye programu inayotafuta mahali pasipo na maneno na kuvuta pande mbili zikutane, na niliipenda amri ile kuliko nilivyopenda baadhi ya jamaa zangu. Salamu iliyokuwa karibu dakika nzima ikawa nusu yake, safi, bila kuku, bila kiti kulia, bila pumzi. Nikaigeuza iwe ya simu. Meneja alikuwa akinipigia kila baada ya dakika tano, na mtambo wake ulitaka majina fulani ya faili, herufi kwa herufi. Katika haraka ile niliihifadhi ile ndogo kwa jina la ile kubwa, mahali pale pale. Programu iliniuliza kwa adabu kama nataka kuondoa iliyopo na kuweka mpya. Nilibonyeza ndiyo, faili baada ya faili, bila kusoma. Kesho yake nilifuta kadi ya rekoda nikaenda kurekodi harusi.

Sikuona kama nimepoteza kitu. Mama mwenyewe si alikuwa Kasikeu, akiita watu ng'ambo ya bonde?

Malalamiko hayakukawia, na hayakuwa niliyoyatarajia. Hakuna aliyesema maelezo ni mabaya. Walisema yule mama amekuwa na dharau. Kutoka Kalamba walituma ujumbe kwamba anasalimu hangoji kuitikiwa. Kutoka Tulia mzee mmoja alifika ofisini mwenyewe, akamwuliza meneja kama huyu mwanamke ana deni la mtu, mbona anaongea akikimbia. Habari zilimfikia mama kanisani kabla hazijanifikia mimi. Jumapili hiyo nilipata Mwaitu ndefu, ile ya chini, nikiwa mwanamke mzima mwenye duka.

"Umenifanya nionekane sina adabu mbele ya wilaya mbili," alisema. "Wananiambia museo na mimi nimeshafika kwa nzi wa maembe."

Nikarudisha nafasi. Kompyuta ina kimya chake, kimya kitupu kisicho na kitu ndani, nikakipachika baada ya kila salamu. Malalamiko yakabadilika: sasa walidhani simu imekatika. Walisikia mama, kisha kimya kama cha kisima, wakasema halo, halo, wakakata. Aliyefanya kazi hii ataelewa. Sikio likipewa kimya kitupu kabisa hukidhania kifo cha mtandao. Nilihitaji kimya cha mahali fulani, chenye hewa na chenye mtu ndani.

Kwa hiyo nilibeba rekoda nikaenda Kasikeu kurekodi kimya. Nilimketisha mama kwenye kiti kile kile, blanketi dirishani, nikamwomba asiseme neno kwa dakika mbili.

Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Rekoda ilikuwa imewashwa. Betri ilikuwa imejaa. Mbele yangu alikuwa mama akiwa na sauti yake yote, ile ya chini na ile ya juu, na kitu nilichomwomba ni anyamaze. Naye alinyamaza vizuri sana, mikono magotini, akapumua kupitia pua, na kuku wakachakura nje. Dakika ya pili ilipoisha akauliza, "Imetosha?" nami nilikuwa nimeshazima.

Kimya kile kilifanya kazi. Nilikipachika kwenye salamu, na malalamiko yakaisha. Siku moja nilimwona mzee mmoja kwenye uwanja wa lori Kalamba, simu sikioni, akiitika "museo" kwa sauti, akitikisa kichwa, akimweleza mama yangu hali ya mvua kwake, naye mama akimngoja. Nilijiona fundi kweli kweli.

Sauti yake ilianza kukwaruza msimu wa palizi. Alisema ni vumbi. Kisha alisema ni baridi. Mchungaji alimpumzisha matangazo, akakasirika wiki nzima. Tulizunguka zahanati mbili, tukapewa dawa za kikohozi, na tulipofika Nairobi kwa daktari mwenye mashine ya kuangalia kooni, tuliambiwa ni kuchagua kati ya sauti na uhai. Mama alisema kwa mkwaruzo uliobaki, "Hilo si swali." Usiku kabla ya kupasuliwa niliitoa rekoda mkobani nikairudisha. Sauti niliyoitaka ilikuwa imeshaondoka miezi minne nyuma, na niliona kumrekodi akiwa vile ni kama kumpima mtu urefu akiwa kitandani. Huenda nilikosea hapo pia. Majuto ni mjukuu, na mimi nina wajukuu wengi wa aina hiyo.

Tangu hapo niliipiga ile namba. Nasema wazi, niliipiga sana. Nilisikiliza habari za kupanda mwezi ambao hakuna mtu anayepanda. Nilikuwa nikifunga mlango wa duka saa saba mchana, kinyozi akidhani nakula, nikaiweka simu sikioni. Alikuwa mama, na hakuwa mama. Maneno yalikuwa yake, mwendo wake, hata ile tabia ya kulivuta neno ndengu. Lakini kifua hakikuwepo. Aliongea kama mwanamke fulani wa kati, asiye mzee wala kijana, na nilijua nani alikiondoa kile kifua, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha.

Mwaka huu, wiki moja baada ya maua ya maembe kuanguka, meneja alinipigia.

"Madam, tunabadilisha sistemu," alisema. "Ile mashine ya zamani inazimwa Ijumaa. Hii mpya inakuja na sauti yake, ya kompyuta. Sasa hizo faili za mama, unazitaka ama tufute tu?"

"Msifute kitu," nikasema. Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Nilikumbuka kwamba siku ya kwanza, kabla ya kukata chochote, niliwapelekea faili moja ya kujaribia mtambo. Huenda ilikuwa ile nzima. Huenda mashine yao, iliyokuwa ofisini kwao Kitui, ilikuwa imekaa nayo miaka yote, bila mtu kujua.

Fundi wao wa mitambo alinitumia faili kumi na moja kwa barua pepe. Nilifunga mlango, nikavaa visikizi, nikafungua ya kwanza. Ikalia kama vitunguu vikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Ya pili vile vile. Nilimpigia.

"Hata kwangu zinafanya hivyo, madam," akasema. "Hizo zimeharibika. Nizitoe?"

"Ukizitoa nitakuja Kitui kwa miguu."

Hazikuwa zimeharibika. Mitambo ya zamani huhifadhi sauti uchi, bila kile kichwa kidogo cha habari mwanzoni kinachoiambia kompyuta jinsi ya kuisoma, na kompyuta isipoambiwa hubahatisha. Niliiambia mwenyewe: vipande elfu nane, mkondo mmoja, imebanwa kwa mtindo wa simu. Nikabonyeza. Mama akasema, "Uvoo waku?"

Nilizisikiliza zote kumi na moja, ile ya kujaribia nikiiacha mwisho. Ilikuwa ndogo kama nyingine. Mtambo wao ulikuwa umeipunguza wenyewe ulipoipokea, ukatupa kilichobaki, kama nilivyofanya mimi, na bila kumwuliza mtu.

Siku nzima nilijaribu kuirekebisha. Nilipandisha uzito wa chini, nikashusha wa kati, nikaongeza mwangwi. Nilichopata ni mwanamke anayeongea akiwa ndani ya pipa. Unga ukishachekechwa na pumba zikapewa kuku, hata upige magoti hutazirudisha. Nilijua hivyo tangu asubuhi, kwa sababu wateja wangu wangeniomba jambo lile ningewacheka. Saa kumi na moja nilizima kompyuta nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na mwuza mbegu alipochungulia nilimwambia ni mafua.

Jumamosi nilikwenda Kasikeu na spika nzuri niliyoazima kanisani. Sijui hasa nilitaka nini. Nadhani nilitaka tuikose ile sauti wawili, badala ya kuikosa mimi peke yangu upande huu na yeye upande ule, bila mmoja kumwambia mwenzake. Katika miaka hii yote tulikuwa tumeandikiana kuhusu mbolea, dawa, ada za wajukuu na dhambi za majirani. Kuhusu sauti yake hatukuwahi kuandika neno.

Tulikunywa chai. Nikaweka spika mezani. Nikamweleza kwamba mashine ya Kitui imezimwa, na kwamba nimezileta faili zake nyumbani, na kama hataki kusikiliza si lazima. Aliinua bega: cheza.

Nikacheza salamu. Nikacheza ya kupanda na ya ndengu. Mama alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anavyosikiliza kuku anayetaga mahali pasipojulikana. Uso wake haukubadilika. Halafu akapiga meza, vikombe vikaruka, akavuta daftari.

Aliandika: *Huyu ni wewe.*

Nikacheka kidogo. Nikamwambia hapana, Mwaitu, ni wewe, siku ile ya gauni la kanisani.

*Usinidanganye,* akaandika. *Yangu umeipoteza, ukaamua kuyasoma wewe ili nisiumie. Yangu iko wapi?*

Hapo nikajua kwamba alikuwa akiitaka. Miaka yote mwanamke yule aliyesema hilo si swali alikuwa ameiweka sauti yake mahali, akijua kwamba ipo kwangu, salama, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa sauti. Hakuwahi kuiomba. Ila alijua ipo.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kuhusu ndiyo niliyoibonyeza bila kusoma, kuhusu kadi ya rekoda, kuhusu asubuhi ya kimya. Nilimwambia kwamba hiki tulichosikia ndicho kilichobaki, ni yeye, ila simu imemtoa uzito wa chini, na uzito ule ndio uliokuwa yeye. Nilipiga kifua changu kumwonyesha ni wapi. Nilikuwa nikilia na kuongea kwa pamoja, jambo ambalo huwa nawakataza wateja wanaporekodi tanzia.

Akacheza faili ya kupanda tena, yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Akaizima. Akaandika: *Sema.*

"Niseme nini?"

Akaelekeza kidole kwenye spika.

Nikasema. Ngoja udongo ulowe hadi kina cha kiganja, usipande kwa manyunyu ya kwanza, chagua mbegu zisizo na tundu. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo siijui. Nimesikiliza sauti za nusu ya wilaya, na yangu huikata kila ninapoikuta kwenye rekodi, kwa sababu yangu si ya mteja. Mama akacheza faili. Akaizima, akanionyesha kidole: sema. Nikasema. Akacheza. Mara ya nne tulianza pamoja, spika na mimi, na ikawa vigumu kujua nani yuko mbele.

Nilinyamaza. Yule wa kwenye spika akaendelea peke yake hadi mwisho.

Mama akainuka, akazunguka meza, akasimama mbele yangu. Aliweka kiganja chake kifuani pangu, chini ya koo, na nilipoanza kusema tena alikisukuma chini, polepole, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Sikuelewa. Akalifikia daftari kwa mkono wa pili, akaandika kwa herufi zilizopinda:

*Shusha.*

Nikashusha sauti. Kiganja kikasukuma tena. Nikashusha zaidi, hadi mahali ambapo sikuwahi kuongelea, mahali panapokwaruza kidogo na panapotaka pumzi nyingi. Alitikisa kichwa, bado, akasukuma. Nilipofika kwenye ndengu mkono ukaacha kusukuma, ukabaki umelala tu pale, ukitetemeka kila neno lilipopita chini yake. Mama alikuwa amefumba macho. Niliogopa kwamba nikinyamaza itaondoka, basi nikaendelea kumweleza mama yangu jinsi ya kukausha ndengu: zianike juani siku tatu, zigeuze mchana, zianue kabla ya umande.